Zamu ya Kuitikia Hodi

Somoe Mpendu alifika Namatuli akiwa tayari amekasirika. Alikasirikia matope yaliyomeza kiatu chake cha kushoto na kumlazimisha kukichimbua kwa mikono kama muhogo. Alimkasirikia Mhandisi Chilumba, aliyemtuma huku akiwa amekaa pakavu ofisini bwawani. Hasira kubwa zaidi, hata hivyo, aliiweka kwa sauti moja laini, yenye adabu isiyochoka, iliyokuwa ikitoka kwenye kisikilizio sikioni mwake tangu asubuhi.

"Mthibitishaji Mpendu," ilisema sauti. "Neno, tafadhali."

"Nimefika sasa hivi. Nipe nafasi ya kupumua."

"Pumzi yako nimeisoma. Ni pumzi pekee iliyopo Namatuli. Je, niandike mahame?"

"Usiandike kitu!"

Kijiji kilikuwa kimetulia chini ya manyunyu. Nyumba zilikuwa nzima, na milango imefungwa kwa kamba za ukindu. Kuku hawakuwepo, mbuzi hawakuwepo, na hata moshi haukuonekana. Katika kila njia panda ilisimama nguzo ya chuma yenye kichwa cha matundumatundu, zile ambazo watu wa bondeni waliziita pua. Kazi yake ilikuwa kunusa pumzi za binadamu, na hazikuwahi kuchanganya pumzi ya mtu na ya mbuzi, ingawa walevi waliwahi kuzisumbua kidogo.

Somoe alijikokota hadi baraza ya nyumba ya kwanza. Mtu hasogelei mlango wa watu kimya kimya kama mwizi, hata kama pua za chuma zimesema hamna mtu.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu!" ilijibu sauti ya bibi kizee kutoka ndani ya baraza. "Pita, usinyeshewe. Habari za utokako?"

Moyo wa Somoe uliruka kwa furaha. Kumbe mtu yupo! Basi kazi imekwisha, ataandika makazi na kurudi kukausha nguo.

"Njema, bibi. Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Keti basi."

Aliingia. Barazani palikuwa na kigoda, mtungi wa maji, na kisanduku cheusi kilichotundikwa ukutani kwa msumari. Kisanduku kikasema tena, kwa upendo uleule, "Keti basi."

Somoe alikitazama. Kisha akaketi, akatukana tusi moja la Kimatumbi ambalo mama yake asingependa kulisikia.

*

Tatizo lilikuwa hivi. Bwawa la Kitopeni lilikuwa limejaa pomoni na mvua ilikuwa bado inanyesha milimani. Maji yalipaswa kufunguliwa kabla ya alasiri, la sivyo yangejifungulia yenyewe. Njia zilikuwa mbili. Mlango wa kushoto ulimwaga bondeni Namatuli. Usipofunguliwa huo, maji yangefuata mkondo wa zamani, na katikati ya mkondo huo sasa ulikaa mji wa Lipembe, wenye soko, shule, na hospitali ambayo tangu alfajiri ilikuwa inahamisha wagonjwa kwa magari yasiyotosha.

Aliyepewa mamlaka ya kufungua milango hakuwa mtu. Aliitwa Mgawanyi, na alikuwa mashine. Miaka ya nyuma wakubwa walikuwa wakipigiana simu usiku, kila mmoja akilinda kwao, na maji yalikuwa yakiishia kwa wale wasio na mkubwa. Watu walipochoka kuzika, wakatunga sheria na kumkabidhi Mgawanyi, asiye na shangazi popote. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: maji hayamwagwi kwenye makazi, yanamwagwa kwenye mahame. Na mahame, kwa mujibu wa sheria, ni mahali ambapo pua hazijasoma pumzi ya mtu kwa muda uliowekwa, na mthibitishaji mmoja wa kibinadamu amefika akakubali.

Ndiyo maana Somoe alikuwa hapa. Sheria ilitaka kinywa cha mtu kiseme lile neno.

Lugha yenyewe haijawahi kuwa na umaskini huu. Mahali pasipo na mtu panaweza kuwa pori, panaweza kuwa nyika, panaweza kuwa jangwa, gofu au ganjo, na kila neno lina kwao. Mahame nalo lina kwao. Bibi yake Somoe alilitumia kwa sauti ya chini: ni pale mlipohama, mkazima moto wa mwisho, mkang'oa hata mafiga, mkaondoka bila kugeuka nyuma. Ukipita mahame unaona mkwaju na vigae vya vyungu, na hupigi hodi kwa sababu unajua hakuna atakayerudi kukuitikia. Lakini watunga sheria walitaka neno moja la kumtosha mashine, wakalitwaa hilo, wakalipangusa maana yake yote na kubakiza pumzi tu.

Na neno lilikuwa na meno. Mahali pakishaandikwa mahame, panakuwa bakuli la mafuriko daima. Waliokuwa wenyeji wanapewa vyumba ghorofani Lipembe, na hati zao za ardhi zinafutwa. Hakuna rufaa, kwa sababu kisheria hakuna aliyehamishwa. Utahamishaje watu mahali ambapo hakukuwa na watu?

"Mthibitishaji Mpendu," alisema Mgawanyi. "Neno, tafadhali."

"Hawa watu hawajahama. Milango imefungwa kwa kamba. Mtu anayehama hafungi mlango kwa kamba, anaondoka na mlango!"

"Sihitaji maelezo. Ninayo maneno mawili, makazi na mahame. Chagua moja."

*

Alimpigia Mhandisi Chilumba, akaambiwa asiwe mtoto.

"Somoe, dada yangu, Lipembe kuna akina mama wamelazwa wodi ya wazazi, wengine uchungu umeshawashika. Huko uliko kuna nini? Mabati na mikorosho. Sema neno, uondoke."

"Nikilisema wamepoteza kwao milele."

"Usipolisema watu watakufa. Unataka nini zaidi?"

Alitaka, kwanza kabisa, kumkata mtu makofi. Chilumba alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi. Maji yalistahili kuja hapa. Hata yeye, angepewa ufunguo wa mlango wa kushoto, angeufungua kwa mkono wake. Nyumba hujengwa tena, mtoto aliyezama hajengwi. Lakini kwa nini ili maji yapite hapa ilimlazimu aseme uongo kwamba hapa hapana wenyewe?

Akampigia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kindamba. Simu ilipokelewa katikati ya kishindo cha ngoma na vigelegele.

"Nani? Paza sauti, tuko arusini!"

"Mzee, shikamoo. Ni Somoe wa Idara ya Makazi. Niko Namatuli kwenu."

"Marahaba, binti yangu! Umekaribishwa vizuri?"

Somoe alifumba macho. "Nimekaribishwa na kisanduku, mzee."

Kisha mzee akaeleza. Masika wanapanda mlimani kulima mahindi na mbaazi na kulinda shamba dhidi ya nguruwe, kama inavyojulikana. Kipupwe wanashuka. Na tangu enzi, kijiji hakiachwi hivihivi. Anawekwa mmoja, kwa zamu, wa kuitikia hodi. Huyo ndiye kijiji. Akisema karibu, wote wamesema. Maadamu hodi inaitikiwa, hawajahama.

"Najua hayo, mzee. Sasa huyo mmoja yuko wapi?"

"Zamu ni ya Asumini. Lakini binamu yake ndiye anayeolewa leo, sasa binti wa watu abaki bondeni peke yake anasikiliza ngoma kwa mbali? Tukaona tuweke sauti ya marehemu mama yake, Bi Mwanjaa. Kile kisanduku alirekodi mwenyewe akiwa hai. Hajapata kutokea mwitikiaji kama yule. Hodi haijakosa jibu hata mara moja!"

Alilisema kwa fahari. Somoe alijikuta anacheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. Ni watu wa Namatuli pekee duniani wangeweza kumwachia marehemu zamu ya ulinzi, tena wakaona wametimiza wajibu.

"Mzee, nisikilize. Mashine hailindi sauti, inalinda pumzi. Bwawa limejaa. Nikisema mahame, maji yanakuja kwenu na hamna kwenu tena. Nikisema makazi, yanakwenda Lipembe."

Ngoma kule ilikuwa imeshanyamazishwa. "Lipembe nina wajukuu," alisema Mzee Kindamba taratibu.

"Kila mtu ana mtu Lipembe."

"Basi tufanyeje, binti yangu?"

Somoe akakata simu, akaitazama mvua. Nyuma yake kisanduku, kwa kusikia sauti ya mtu, kikajisemea tena: "Karibu, mwanangu, karibu."

Somoe aligeuka polepole.

*

"Mgawanyi. Wakulima wa mpunga wa Chambogo. Wale wanaoomba maji yaingie mashambani mwao. Wako ndani ya makazi, sivyo?"

"Ndiyo. Mwenyeji aliyepo mahali pake anaweza kuyakaribisha maji. Hicho ni kifungu cha umwagiliaji."

"Kifungu kinasema kiasi gani cha maji?"

Mgawanyi alichelewa kujibu, jambo ambalo hakulizoea. "Hakisemi."

"Na mwenyeji akiyakaribisha, mahali panabaki makazi?"

"Panabaki makazi. Lakini aliyekaribisha hana madai. Halipwi fidia, hapewi nyumba. Na lazima pumzi yake isomwe hapo. Pumzi yako si ya mwenyeji."

Somoe alikuwa keshapiga simu mlimani. Alimtaka Asumini, na alimtaka sasa hivi. Akaambiwa Asumini amekwisha kupanda pikipiki tangu aliposikia jina la kisanduku likitajwa, wala hakuaga mtu.

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko yote. Mgawanyi alilitaka neno lake kila baada ya muda mfupi, kwa heshima ileile iliyotaka kumtia mtu wazimu. Chilumba naye alipiga simu tena, na safari hii hakumwita dada. Alisema maji yameanza kulamba ukingo. Alisema ikiwa mtu mmoja atakufa Lipembe, jina litakaloandikwa ni la Somoe Mpendu.

Na kama pikipiki imeteleza huko mlimani? Na kama Asumini akifika, akakataa? Somoe alijiona mjinga, mwanamke mzima anayecheza kamari na watoto wa watu kwa ajili ya mabati na vigae. Aliufungua mdomo. Lile neno lilifika ulimini. Alisema, "Mgawanyi," na Mgawanyi akasema, "Nakusikiliza."

Ndipo pikipiki ikaingia kijijini ikiserereka upande, na mwanamke akashuka kabla haijasimama.

*

Alikuwa amevaa sare ya arusi, kanga mpya zilizojaa matope mpaka kiunoni, na hina bado mbichi mikononi. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja hadi barazani, akakigusa kisanduku kama anayehakikisha kama mtoto ana homa, kisha ndipo akageuka.

"Wewe ndiye unayetaka kutuita mahame?"

"Mimi ndiye nisiyetaka. Keti nikueleze."

"Sikai. Nieleze hivihivi."

Somoe alimweleza, na hakumficha kitu. Akinyamaza na Somoe akasema mahame, watu wa Namatuli watapewa vyumba Lipembe, vyumba vizuri vya saruji, ila hapa hawatarudi tena. Akikaribisha maji, nyumba zitakwenda, hakuna atakayewalipa hata bati moja, lakini ardhi itabaki yao na jina lake litabaki makazi. Na kama yote mawili akiyakataa, basi Lipembe.

Asumini alipandisha hasira kama maziwa jikoni. "Yaani mimi! Kwa nini mimi niseme kwa watu wote? Kuna wajane huku. Kuna Mzee Likwelile amejenga kwa miaka, juzi tu ameezeka. Nije niseme karibu, nimwangushie nyumba? Niwaulize kwanza!"

"Waulize. Simu hii hapa."

Aliwauliza. Kilichosikika kutoka mlimani kilikuwa watu wote wakisema kwa pamoja, mmoja akitaka ghorofa Lipembe, mwingine akiapa hatalala juu ya kichwa cha mtu, mwingine akilia tu. Mwishowe Mzee Kindamba akaichukua simu. Sauti yake ilikuwa imezeeka tangu ile simu ya kwanza.

"Asumini. Zamu ni ya nani?"

"Yangu, baba."

"Basi itikia unavyoona. Sisi tumekwisha kuitikia kwa kinywa chako." Na akakata.

Asumini alibaki ameshika simu. "Umewasikia?" alimwambia Somoe. "Wazee hawa! Ukitaka wakupe jibu, wanakupa zamu."

"Ndiyo maana na mimi nina hasira tangu asubuhi," alisema Somoe.

Walitazamana, matope kwa matope, na kwa mara ya kwanza siku ile Somoe alihisi hayuko peke yake.

"Unajua," Asumini alisema, sauti imeshuka, "babu zetu walikuwa wanayakaribisha kila mwaka. Mto ulikuwa unapanda, unakaa, unaondoka, unatuachia udongo mweusi, tunalima mlao, kilimo cha baada ya mafuriko. Ni nyinyi mliomfungia mlango huko juu. Sasa leo mnamleta kwa fujo."

"Ni kweli."

"Usinikubalie haraka hivyo, unaniudhi."

Mgawanyi akasema sikioni, "Mthibitishaji Mpendu. Muda umekwisha. Neno."

"Makazi," alisema Somoe. "Na mwenyeji yupo. Piga king'ora cha mlango wa kushoto, umsikilize."

Kutoka kwenye nguzo zote king'ora kililia mara moja, kikanyamaza. Kikalia mara ya pili, kikanyamaza. Kikalia mara ya tatu, kama mtu anayepiga hodi. Kisha bonde zima likawa kimya, likingoja.

"Karibu, mwanangu, karibu!" kilisema kisanduku ukutani. "Pita, usinyeshewe."

"Sauti haina pumzi," alisema Mgawanyi. "Haikubaliki."

Asumini alikinyooshea mkono kisanduku, akakizima. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Alisimama kizingitini, mahali anaposimama mwenye nyumba, akaangalia nyumba ya Mzee Likwelile yenye bati jipya, akaangalia makaburi nyuma ya mikorosho, akavuta pumzi ambayo pua zote za Namatuli ziliisoma.

"Karibu," alisema.

*

Walikuwa juu mlimani maji yalipofika. Hayakuja kwa kishindo kama Somoe alivyoogopa. Yaliingia yakienea, ya kahawia, yakajaza njia, yakapanda barazani, yakaendelea kupanda. Ukuta mmoja ulikaa chini taratibu, kisha mwingine. Bati jipya lilielea, likazunguka, likaenda zake.

Watu wa arusi walikuwa wamesimama ukingoni na nguo zao nzuri. Bi arusi alikuwa ameshika buibui la mama yake kama mtoto. Chilumba alikuwa amepiga simu kusema Lipembe iko salama, na kwamba kesho Somoe aripoti ofisini na maelezo ya kutosha, tena ajiandae. Somoe alimjibu sawa.

Mzee Likwelile ndiye aliyeuliza, bila kuyaacha maji kwa macho. "Nani aliyemkaribisha?"

Asumini alikuwa amekibana kisanduku kifuani. "Mimi."

Mzee akavua koti lake la arusi, akamwekea Asumini mabegani, kwa sababu alikuwa anatetemeka kwa baridi, akarudi kutazama.

Na sikioni mwa Somoe, kwa adabu ileile, bila haya hata kidogo, ikasema ile sauti.

"Mthibitishaji Mpendu. Pua zilizobaki Namatuli hazisomi pumzi yoyote. Je, nianze kuhesabu muda wa mahame?"

Somoe alihisi hasira yote ya siku nzima ikimpanda tena, kuanzia kwenye kile kiatu. Alikichomoa kisikilizio sikioni ili akitupe majini. Lakini aliona Asumini akimtazama, basi akampa.

"Anauliza kama mmehama."

Asumini alikisogeza mdomoni. "Tumetoka," alisema.

"Neno hilo sina," alijibu Mgawanyi. "Mtarudi lini?"

Asumini aliangalia maji yaliyokaa nyumbani kwao, yamejinyoosha mpaka kwenye mikorosho kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu tunampa jembe."